Saba Wasioona Waliofika Kilele cha Kilimanjaro Mwaka 1969, na Kwa Nini Hujawahi Kuwasikia

Haipiti mwaka bila kutokea. Video inaanza kusambaa: jamaa hana miguu yote miwili, anapanda Kilimanjaro kwa mikono. Au ni dada asiyeona, kasimama pale kwenye kibao cha Uhuru, kajifunika bendera ya nchi yao, anacheka huku machozi yanamtoka. Ndani ya saa mbili imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp, la familia, la ofisini, la waliomaliza shule pamoja. Na chini yake maneno ni yale yale. "Halafu wewe mzima unasema umechoka." "Hakuna kinachoshindikana chini ya jua." "Wa kwanza Afrika nzima, heshima kwake!"

Hapo kwenye "wa kwanza" ndipo penye shughuli.

Mwaka 1969 dunia nzima ilikuwa imekodoa macho juu ikisubiri Wamarekani wakanyage mwezi. Mwaka huo huo, huku kwetu Afrika Mashariki, vijana saba wasioona walipanda mlima mrefu kuliko yote barani wakafika kileleni. Hawakuwa watalii waliotua na ndege. Walikuwa watoto wa huku huku. Hakukuwa na intaneti, hakukuwa na simu ya kujirekodi, na walipoteremka maisha yaliendelea. Sasa muulize yeyote aliyekaa karibu yako amtaje hata mmoja wao. Utakaa sana.

Hii ndiyo habari yao, na ya wale waliowafuata: waliokwenda kwa kengele, kwa magurudumu, kwa mguu bandia na kwa viwiko. Ni habari ya zaidi ya nusu karne, na ndani yake kuna swali moja ambalo zile video haziligusi.

MLIMA UNAOTOA MAJINA

Kilimanjaro una mita 5,895. Shuleni watu walifundishwa kwamba wa kwanza kufika juu ni Mjerumani Hans Meyer, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Wachagga waliowaonyesha njia na kuwabebea mizigo hawakupewa nafasi ya aina hiyo. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa ndiye aliyeongoza msafara ule, lilikuja kupewa heshima kwenye maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, mzee akiwa keshakula chumvi ya kutosha. Kwa hiyo tabia ya mlima huu kuwakumbuka wachache na kuwasahau wengi haikuanza jana.

Kisha ikaja tarehe 9 Desemba 1961. Tanganyika inapata uhuru, na Alexander Nyirenda, ofisa kijana wa jeshi, anasimamisha bendera na Mwenge juu ya Kibo. Kilele kilichokuwa kinaitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani kikaitwa Uhuru. Tangu siku ile Kilimanjaro haukuwa mlima tu, ulikuwa ushahidi. Yeyote aliyetaka kuiambia dunia "na sisi tumo" alijua pa kwenda kusimama.

Na miaka ile, kama kuna watu walihitaji kusema "na sisi tumo", ni wasioona. Shule zao zilikuwa za kuhesabu kwenye vidole. Kenya kulikuwa na ile ya Thika, iliyoanza mwaka 1946. Tanganyika kulikuwa na Buigiri kule Dodoma, iliyoanza mwaka 1950. Mtoto ambaye hakubahatika kufika huko alibaki nyumbani. Akikua, watu humwongelea mbele yake kama vile hayupo. Kazi hapewi, safari hapelekwi, na mgeni akija anafichwa chumba cha nyuma. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mtoto huyo anaweza kutaka kupanda mlima, kwa sababu hakuna aliyefikiri anaweza kutaka chochote.

Aliyelifikiria ni mtu ambaye mwenyewe alikuwa haoni. John Wilson, Mwingereza, alipoteza macho akiwa na miaka 12, mlipuko ulipotokea kwenye somo la kemia darasani. Mwaka 1950 alianzisha chama cha kuwasaidia wasioona katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, na ndicho ambacho leo kinajulikana kama Sightsavers. Wengi wanakijua kwa kambi za macho na matibabu. Lakini Wilson aliamini pia kwamba upofu una sehemu mbili: kuna macho yasiyoona, halafu kuna jamii inayomwambia asiyeona akae kimya kwenye mkeka. Ya kwanza unaitibu hospitali. Ya pili inahitaji kitu cha kuwashtua watu. Ndipo mpango wa Kilimanjaro ukazaliwa, na mwaka 1969 vijana saba wakasimama juu.

USIKU WA KIBO

Swali la kwanza watu hujiuliza ni moja: mtu asiyeona anapandaje?

Anza na wewe unayeona. Njia ya Marangu inakupitisha kwenye msitu mpaka Mandara, kama mita 2,700. Siku inayofuata unaingia kwenye vichaka vya baridi mpaka Horombo, mita 3,720. Kisha unavuka jangwa la mawe lenye upepo mkali mpaka Kibo, mita 4,700 hivi. Safari ya kileleni yenyewe huanza usiku wa manane. Sababu kubwa ni ardhi: changarawe ya Kibo usiku imeganda, inashika mguu. Jua likichomoza inalegea, unapiga hatua moja mbele unarudi nusu nyuma.

Sasa usiku ule, saa nane, unaona nini? Huoni kitu. Giza tupu. Mwanga wa taa ya kichwani unaangukia visigino vya aliye mbele yako, basi. Hewa imekuwa nyepesi, na ukikaribia juu oksijeni unayovuta kwa pumzi moja ni kama nusu ya ile ya Dar es Salaam. Kichwa kinauma, tumbo linakataa, vidole huvisikii. Kinachokupeleka ni sauti ya anayekuongoza, "pole pole, pole pole," na mdundo wa hatua zako. Kwa usiku huo mmoja, anayeona na asiyeona wako darasa moja. Tofauti ni kwamba mmoja wao amezoea.

Mbinu za wapandaji wasioona si za ajabu. Anayeongoza anatangulia, akitoa sauti inayofuatika: anagonga fimbo kwenye mawe, au anafunga kengele ndogo kwenye begi. Anayefuata anakuwa na fimbo mbili, kila mkono moja, anapapasa pa kukanyaga. Maneno yanakuwa mafupi: jiwe kushoto, ngazi ya goti, shimo, simama. Hakuna hadithi. Panapokuwa pembamba mkono unashika begi la aliye mbele. Kazi kubwa si kupanda, ni kuteremka, pale uchovu umeshaingia magotini na kila jiwe linataka kukuangusha. Ndiyo maana mazoezi yao si ya mapafu tu. Ni ya kuaminiana. Mtu anayekwambia "kanyaga" inabidi uwe unamwamini kuliko unavyoiamini miguu yako.

Kama uliwahi kucheza kombolela gizani na ndugu zako, kidogo unaelewa. Ongeza baridi ya kugandisha maji kwenye chupa.

MGANDA KWENYE THELUJI YA ULAYA

Kati ya wale saba, yuko mmoja ambaye jina lake liliponea kwenye kumbukumbu za michezo: Tofiri Kibuuka wa Uganda. Na yaliyomtokea baadaye yanafanya Kilimanjaro kionekane kama utangulizi.

Mwaka 1976, mji wa Örnsköldsvik nchini Sweden uliandaa Paralympiki ya kwanza kabisa ya majira ya baridi. Kwenye mbio za kuteleza juu ya theluji, katikati ya watu waliozaliwa na theluji mlangoni, akajitokeza kijana mmoja mwenye bendera ya Uganda. Huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kushiriki Paralympiki ya baridi. Uganda! Nchi ambayo mtu akitaka theluji lazima apande Ruwenzori. Baadaye Kibuuka alihamia Norway, akawa raia wa huko, akaanza kuikimbilia Norway kwenye Paralympiki za majira ya joto, na akaipatia medali kadhaa.

Mbinu aliyoitumia kwenye theluji ni ndugu wa ile ya mlimani. Anayeona anatangulia, anatoa sauti, anataja kona na mteremko. Asiyeona anafuata sauti kwa kasi ambayo wengi wetu hatungethubutu hata mchana kweupe. Kijana aliyejifunza kumwamini mtu kwenye mawe alikuwa tayari ameshavuka sehemu ngumu.

Yeye historia ilimkumbuka kwa sababu alikimbia kwenye mashindano, na mashindano yana karatasi: jina, nchi, muda, nafasi. Wenzake walibaki kuwa idadi. "Vijana saba wasioona." Na idadi haitafutiki. Ukiingia mtandaoni ukaandika jina la mtu, anatokea. Ukiandika "wale saba", unapata saba za kila aina.

MIAKA 36 YA UKIMYA

Ruka mpaka mwaka 1997. Mmarekani mmoja anafunga ndoa kwenye Kilimanjaro, uwanda wa Shira, karibu mita 4,000 juu. Bwana harusi haoni. Anaitwa Erik Weihenmayer, na macho yalimtoka kidogo kidogo utotoni kwa ugonjwa mpaka alipoingia ujana giza likafunga kabisa. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Mei 2001, akawa mtu wa kwanza asiyeona kufika kilele cha Everest. Mbele yake, njia nzima, kulikuwa na mwenzake aliyekuwa akitikisa kengele. Jarida la TIME likamweka kwenye jalada, na akawa jina la dunia.

Mwaka 2005 Weihenmayer alirudi Kilimanjaro na kikundi, na ndani yake alikuwemo Mkenya, Douglas Sidialo. Wa Nairobi wanaijua tarehe 7 Agosti 1998 bila kukumbushwa. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu zaidi ya 200, na siku hiyo hiyo lingine lilipiga Dar es Salaam. Sidialo alikuwa karibu na lile la Nairobi. Alitoka hai, macho hayakutoka. Asubuhi aliamka anaona, jioni haoni tena maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo kufika juu ya Uhuru miaka saba baadaye si jambo la kuchukulia poa. Na hakuishia hapo, baadaye aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo mpaka Cape Town, mwenzake mbele, yeye nyuma.

Lakini ukimtafuta mtandaoni leo, sehemu nyingi utakuta ameandikwa Mwafrika wa kwanza asiyeona kupanda Kilimanjaro.

Si kosa lake hata kidogo, na halimpunguzii kitu. Ila miaka 36 kabla yake walikuwepo saba. Wametoka kwenye ardhi hii hii na wamepanda mlima huu huu. Walisahaulika kiasi kwamba hata waandishi hawakujua kuna kitu cha kuuliza. Sifa ya "wa kwanza" ni tamu kwenye kichwa cha habari, lakini kila inapotolewa ovyo kuna mtu anafutwa. Na inaleta hasara nyingine. Kama kila mmoja ni wa kwanza, maana yake kila mmoja ni muujiza, na hakuna anayejenga njia kwa ajili ya miujiza. Njia hujengwa pale watu wanapotambua kwamba hawa walikuja jana, wamekuja leo, na kesho watakuja tena.

MAGURUDUMU YAPANDA

Baada ya wasioona wakaja wasiotembea. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alizaliwa na ulemavu wa mtindio wa ubongo. Mwaka 2003 alipanda Kilimanjaro kwa kiti mwendo kilichofanyiwa marekebisho, ikamchukua siku tisa. Mwaka 2007 akarudi, safari hii siku sita. Zitazame hizo siku tatu zilizopungua. Mlima haukushuka hata sentimita. Kilichobadilika ni ujuzi: njia ipi, tairi lipi, watu wangapi, usiku ulale wapi. Uzoefu wa mara ya kwanza ulikuwa na thamani ya siku tatu.

Mwaka 2009 akaja Chris Waddell, Mmarekani, bingwa wa Paralympiki aliyepooza baada ya ajali ya kuteleza kwenye theluji mwaka 1988. Alikuja na chombo cha magurudumu manne kinachoendeshwa kwa kuzungusha mikono. Alitaka apande kwa nguvu zake mwenyewe kutoka chini mpaka juu. Kwenye mchanga tairi zilipokuwa zikizunguka bure, wapagazi walimtandikia mbao: akapita juu yake, wakaziokota nyuma, wakakimbia nazo mbele, wakazitandika tena. Saa baada ya saa, siku baada ya siku. Karibu na juu akafika kwenye mawe makubwa ambayo gurudumu lolote lisingepita, ikabidi abebwe kipande kifupi. Ilimuuma. Baadaye ndiyo ikawa somo analolihubiri kila anapokaribishwa kuzungumza, kwamba hakuna anayepanda mlima peke yake.

Na kwenye msafara huo kulikuwa na mtu mwingine ambaye ukiisikia habari yake unasahau yote yaliyotangulia. Mtanzania, mpagazi wa zamani wa mlima huo huo. Maporomoko ya mawe yalimkatisha mguu akiwa kazini. Alirudi kupanda na mguu bandia, kwenye mlima uliomtoa mguu. Watu wa Ulaya na Marekani hupoteza miguu kwao, wakaja Kilimanjaro kujithibitisha. Huyu aliupoteza hapa, akiwa amebeba mzigo wa mtu mwingine, na kupoteza mguu kwake kulikuwa kupoteza ajira.

Mwaka 2012 Kyle Maynard, Mmarekani aliyezaliwa na mikono inayoishia kwenye viwiko na miguu inayoishia magotini, alitambaa mpaka Uhuru kwa siku kumi, bila miguu bandia. Ncha za mikono na miguu alizifunga kwa mipira ili zisichubuke. Mwaka huo huo Spencer West, aliyekatwa miguu akiwa mtoto wa miaka mitano, akapanda sehemu kubwa ya njia kwa mikono, na kwingine kwa kiti mwendo. Hizo ndizo zile video zinazozunguka mpaka leo.

GURUDUMU MOJA

Kuna kitu kimoja kila aliyefika Kilimanjaro amekiona: machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati. Mtu akizidiwa na urefu wa mlima, analazwa pale, anafungwa mikanda, wagumu wanashika mbele na nyuma, na wanashuka naye mbio kwenye mawe kama mkokoteni wa Kariakoo siku ya sikukuu. Imeokoa watu wengi.

Mwaka 1987 huko Ufaransa, mwongoza wapanda milima anayeitwa Joël Claudel alikuwa na mpwa aliyeshindwa kutembea kwa ugonjwa wa misuli. Akamtengenezea kiti chenye gurudumu moja chini, mikono ya kushikia mbele na nyuma, watu wawili wanakiongoza, kijana anakaa katikati anaangalia dunia. Kiti kinaitwa Joëlette, na leo kinatumika nchi nyingi kupeleka watu wasiotembea kwenye vijia vya milimani ambako kiti mwendo cha kawaida kingekwama dakika ya kwanza.

Viweke pembeni pembeni hivyo vitu viwili. Gurudumu moja, watu mbele, watu nyuma. Ni wazo lile lile. Tofauti ni kwamba machela imetengenezwa kumshusha mgonjwa, na kiti kimetengenezwa kumpandisha mtu aliyetaka kwenda. Watu wa Kilimanjaro wana mikono ya kazi hiyo tayari. Wanajua kuendesha gurudumu moja kwenye mawe usiku, mvua ikinyesha, na mtu juu yake. Ujuzi upo, tena upo miaka mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: kwa nini lisielekee juu?

WAGUMU

Wapagazi wa Kilimanjaro wanaitwa wagumu, na jina limewakaa. Mzigo wao kwa kanuni za hifadhi haupaswi kuzidi kilo 20. Wanaondoka kambini baada ya mteja, wanampita njiani, na anapofika mahema yameshasimama na chai inachemka. Kwenye safari ya mtu mwenye ulemavu kazi hiyo inaongezeka. Kuna wa kutandika mbao, wa kubeba tairi la akiba, wa kukaa nyuma ya kiti kisirudi, wa kumwamsha mtu usiku kumbadilishia alivyolala ili asipate vidonda.

Kila anayeandika historia ya watu hawa huandika kuhusu moyo. Moyo wa chuma, nia isiyovunjika. Ni kweli, bila nia hutoki hata getini. Lakini nia peke yake haijawahi kumfikisha mtu yeyote juu. Weihenmayer alikuwa na kengele na mtu wa kuitikisa. Goosen alikuwa na fundi na miaka minne ya kufikiria alichokosea. Waddell alikuwa na mbao na watu wa kukimbia nazo. Vijana wa 1969 walikuwa na chama kilichowaamini na watu wa kuwaongoza. Ondoa hivyo, ubakize moyo, na mtu atabaki chini akiutazama mlima.

Ndiyo maana yale maneno ya "yeye kaweza, wewe unashindwa nini" yanaumiza kuliko yanavyosaidia. Kijana wa Moshi anayetumia kiti mwendo naye ameziona hizo video. Yeye Kibo anauona kila asubuhi mawingu yakifunguka, bure, kutoka mlangoni kwao. Wala hashindwi na mita 5,895. Anashindwa na daladala ambayo konda akimwona anapiga bodi, "twende!" Anashindwa na mtaro usio na daraja mbele ya nyumba. Anashindwa na bei ya kiti chenyewe, kabla hata ya kuwaza ada ya hifadhi.

SHERIA IPO, NJIA JE?

Kwenye makaratasi mambo yako sawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja waziwazi, kwenye kifungu cha 30, haki ya kushiriki burudani, mapumziko, michezo na kufika kwenye maeneo ya utalii. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo kupanda mlima, kuogelea baharini au kulala kwenye hema mbugani si fadhila ya mtu mwenye huruma. Ni haki iliyoandikwa.

Na si lazima kila mtu afike kileleni. Hilo nalo video zimelipotosha. Kutoka geti la Marangu mpaka Mandara ni msitu, mbega weupe kwa weusi juu ya miti, maji yanayotiririka pembeni. Juu kidogo kuna kreta ya Maundi, ambapo siku ikiwa safi unaona mpaka upande wa Kenya. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya kata yake, hiyo ni safari ya maisha. Haihitaji siku kumi wala wadhamini. Inahitaji kiti cha gurudumu moja, wagumu wanne waliofundishwa na kulipwa vizuri, gari lenye mlango mpana, choo ambacho mtu anaweza kuingia na kiti chake, na karani wa getini ambaye hashangai.

Historia hii ilianza na vijana wa Afrika Mashariki kwenye mlima wa Afrika Mashariki. Kisha miaka mingi ikawa ni hadithi ya wageni wanaokuja, wanapanda, wanarekodiwa, wanaondoka, huku wa huku wakitandika mbao na kusambaza video. Hakuna aliyewafukuza. Mlango ulijifunga taratibu kwa sababu waliopita mwanzo walisahauliwa, na waliofuata hawakujua kuwa kuna mlango.

Wale saba walikuwa vijana mwaka 1969. Walio hai leo ni wazee wa miaka sabini na kitu, huenda themanini. Huenda mmoja ni babu wa mtu unayemfahamu. Huenda kila sikukuu anakaa kwenye kiti chake kile kile barazani, anaanza, "mimi nilishafika juu ya Kilimanjaro," na wajukuu wanakonyezana: babu haoni, babu kaanza tena.

Safari ijayo msimkonyezane. Vuta kigoda, kaa karibu naye, umuulize ni mwaka gani.